Azimio la Kumtanguliza Mkubwa Ndani ya Kompyuta

Ofisi yetu ya maji hapa Ruiru ina fahari kuutangazia umma kwamba heshima kwa wakubwa sasa imefika hadi ndani ya kompyuta.

Mimi, Mama Mumbi, ni mjumbe kamili wa Kamati ya Kukagua Programu. Nawakilisha wajane wa mtaa wa Murera. Kazi yangu ni kufungua na kufunga kikao kwa maombi. Kompyuta ndiyo hugawa maji. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Gachau, jirani yangu ng'ambo ya barabara, alikuwa amepewa saa mia mbili hamsini na sita kwa mwezi. Mimi saa moja, na nusu yake mfereji ukikohoa hewa.

Siku hiyo tulikagua programu ya kuandika hesabu hizo kwenye diski mpya. Warigia, msichana wa kompyuta, akasimama.

"Chair, kila hesabu inakaa kwenye visanduku viwili, cha wakubwa na cha wadogo. Moja ikikaa kwa wakubwa ni mia mbili hamsini na sita; ikikaa kwa wadogo ni moja tu. Hii diski inasoma cha wadogo kwanza. Sisi tunatuma cha wakubwa kwanza. Tusipogeuza, mia mbili hamsini na sita inasomwa moja. Na moja inasomwa mia mbili hamsini na sita."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mkubwa angoje mdogo apite? Hata kwa harusi umeona wapi?"

"Chair, si harusi. Ni diski."

"Na kompyuta yenyewe inasemaje?"

"Ilikuwa inalalamika. Bedan akaandika amri ya kuilazimisha ikubali. Sasa imenyamaza."

Bedan, mpwa wa Mwenyekiti, akatabasamu kwa unyenyekevu.

"Imenyamaza, basi imekubali," Mwenyekiti akasema. "Hata wananchi hukubali hivyo hivyo. Mama Mumbi, una pingamizi?"

Nilipiga hesabu polepole, vile mtu wa darasa la saba hupiga. Kisha nikafunga kikao kwa maombi. Nilimwomba Mungu atimize neno la Mwenyekiti kama lilivyo, bila kugeuza chochote.

"Amina!" Mwenyekiti akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Diski mpya ilipoanza kazi, mfereji wangu ukaanza kutiririka, ukakataa kunyamaza. Wa majirani vilevile. Kwa Mwenyekiti maji yalikuja kwa muda wa saa moja tu mwezi mzima, usiku, watu wakiwa wamelala.

Jumamosi, siku ya ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake, wageni tayari wako njiani pale Kimbo, nilimwona langoni kwangu: suti, tai, na mitungi miwili.

"Mama Mumbi, Bwana asifiwe. Maji kidogo tu, tafadhali. Wakwe wanafika na hata chai haijawekwa."

"Asifiwe sana, Mheshimiwa. Karibu. Lakini watoto wa Sande skuli wanajaza chupa zao. Hapa mdogo ndiye hutangulia."

Akaangalia foleni. Akaangalia mitungi. Akajipanga nyuma ya katoto ka miaka minne.

Alinyamaza. Basi alikubali.