Uzinduzi wa Kituo cha Kudhibiti Pancha za Kimyakimya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa mapenzi ya wakubwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Naibu wa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika kwa sababu gari lake limeinamia upande wa kushoto. Wakuu wa Idara, Wakuu wa Vitengo, Makaimu wa Wakuu wa Vitengo, na wote wanaokaimu nafasi za makaimu. Wazee wetu mliokaa kwenye viti, akina mama mliokaa kwenye majani, vijana mliopanda juu ya lori na ambao naomba mshuke. Wageni waalikwa, na wageni wasioalikwa ila wamesikia kuna soda. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa, tume itaundwa. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Nasimama mbele yenu kama Mkurugenzi wa Magari ya Umma, Matairi na Masuala Mtambuka, cheo ambacho sikukiomba, kilinitafuta chenyewe hadi nyumbani. Mtakumbuka kwamba mwaka jana mji huu ulipokea gari la wagonjwa, jipya kabisa, viti bado vimevaa nailoni. Nililikabidhi kwa mkono wangu huu, kwa hotuba ndefu iliyowafanya wananchi wawili wazimie juani, na hivyo gari likaanza kazi papo hapo. Ni viongozi wangapi wanaozindua na kutekeleza kwa wakati mmoja? (Kicheko. Mkurugenzi anakipokea kama makofi.)

Sasa, asubuhi iliyofuata, dereva wa gari hilo, huyu bwana mnayemwita Taratibu, alikuja ofisini kwangu kofia mkononi. "Mzee," akaniambia, "tairi la nyuma kulia limepungua upepo." Nikamwuliza, limepungua kwa mujibu wa nani? Akasema, "Kwa mujibu wa macho, Mzee." (Kicheko.) Akalijaza. Kulipokucha likawa limepungua tena, si kwa kulala chini, hapana, ni kule kupungua kwa adabu, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Taratibu akalipaka maji ya sabuni, povu likachemka mahali pamoja, akaona kichwa cha msumari. Akaja mbio. "Mzee, nimeuona! Naung'oa, natia kiraka, chai yako haijapoa nimemaliza."

Hapa, ndugu wananchi, ndipo inapojitokeza tofauti kati ya anayeongoza na anayeongozwa. Anayeongozwa anaona msumari. Anayeongoza anaona mfumo. Nikamkumbusha kwamba gari jipya lina waranti, na kitu chenye waranti hakiguswi kwa koleo na mtu aliyevaa kandambili. Nikamwambia, wewe endelea kujaza upepo kila asubuhi, sisi huku juu tunaandaa mkakati. (Sauti kutoka nyuma: "Huku juu kuna upepo wa kutosha!")

Na mkakati tukauandaa! Tukaunda Programu Jumuishi, Shirikishi na Endelevu ya Kudhibiti Pancha za Kimyakimya. Tukawaita stekiholda wote kwenye wokshopu ya kujenga uwezo, katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa sababu uvujaji wa upepo hauwezi kueleweka bila kuwepo maji. Tukafanya fizibiliti stadi, ambapo asilimia tisini na mbili ya matairi yaliyochunguzwa yalibainika kuwa ya duara. Nikaongoza mwenyewe msafara kwenda nchi moja ya baridi kujifunza matairi ya theluji, na nawathibitishia kwamba tangu nirudi, hakuna gari hata moja katika mji huu lililoteleza kwenye theluji. (Makofi viti vya mbele. Nyuma, miluzi.)

Watafiti wetu hawakuishia hapo. Walibaini kwamba msumari ule ulitoka kwenye jukwaa nililosimama siku ya makabidhiano, lilipobomolewa haraka ili mbao ziwahi kwangu nyumbani. Nalisema hili kwa fahari: wakati wenzetu wanaagiza matatizo kutoka nje, sisi tatizo letu ni zao la ndani. (Mtu mmoja anaanza kupiga makofi, anatazama kushoto na kulia, anaacha.)

(Sauti ya mama mtu mzima: "Na tairi la akiba je? Spea iko wapi?")

Mama, swali zuri, na ningeshukuru kama usingeliuliza. Spea ilikuwa katika majukumu maalumu. Gari langu la ofisi ni la aina ileile, na siku hizo mke wangu alikuwa na safari ya harusi ya binamu yake, safari ambayo kiutawala inahesabika kama ukaguzi wa barabara. Spea haikuibwa. Ilikaimu. (Miguno mirefu.)

Naona sasa mnataka nilizungumzie lile la siku ya soko, na mimi siogopi, maana ndilo fanikio letu kubwa. Ilikuwa mchana kweupe. Mke wa mshona viatu alishikwa na uchungu, mkunga wa zahanati akampapasa, akaona mtoto amekaa vibaya, akasema huyu aende hospitali kubwa sasa hivi. Taratibu akajaza tairi, kama nilivyoelekeza, wakaondoka: mama amelala, mkunga ubavuni kwake, mama mkwe amekumbatia beseni. Walipofika kwenye mlima wa machimbo ya kokoto, lile tairi lililokuwa likitoa upepo kwa staha muda wote huo likaamua kuutoa wote. Gari likainama. Taratibu akafungua nyuma kutafuta spea, akakuta ndoo na matambara. Akatoa pampu ya mkono, akapampu hadi shati likagandana na mgongo, upepo ukiingia huku na kutokea kule. Mama mkwe akachungulia dirishani, akamwuliza, "Mwanangu, unalijaza hilo tairi au unalipepea?"

Mkunga akasema mtoto hangoji upepo. Ndipo akatokea mchukuzi wa mkokoteni, huyu mnayemwita Kabichi, amejaza viazi. Hakuuliza kitu. Alivimwaga viazi vyote barabarani, akatandika magunia, akasema, "Mleteni dada yangu," ingawa si dada yake. Taratibu akashika mkono mmoja wa mkokoteni, Kabichi mwingine, mama mkwe akisukuma kwa nyuma na beseni kichwani, mkunga akitembea pembeni mkono wake ukiwa juu ya tumbo la mgonjwa, akimwambia, "Usisukume bado, mama, usisukume, wa kusukuma ni sisi." Mtoto alizaliwa kwenye veranda ya hospitali. Alitoka wa bluu, hakulia. Mkunga akamsugua mgongo, akamsugua tena, akamgeuza, akamsugua. Kisha mtoto akalia.

Kitaalamu, ndugu wananchi, huo unaitwa usafiri wa intamodali: mgonjwa ameanza kwa gari, amemalizia kwa mkokoteni, bila kubadilisha tiketi! Na ingawa mkokoteni ule haukuwa na kibali cha kubeba abiria, ofisi yangu, kwa ubinadamu, haitachukua hatua. Kilichobaki ni wazazi kunitendea haki kwa kumpa mtoto jina langu, na nadhani yule pale ndiye mama mwenyewe. Simama, binti, wakuone!

(Mke wa mshona viatu anasimama, mtoto mgongoni. Watu wanampisha.)

(Anasema, bila kupaza sauti: "Mzee, mimi nilikuwa ndani ya hilo gari. Kabla halijainama, niliusikia upepo unatoka. Fsss. Nikadhani ni mimi ninayeisha. Bado nausikia nikilala. Naomba kitu kimoja tu. Ule msumari umeshatolewa?")

(Hata walio juu ya lori wameacha kutafuna.)

Ahsante sana, binti, kwa mchango wako mzuri, ambao tumeupokea na utaingizwa kwenye awamu ya pili. Suala la kuutoa msumari liko mezani, isipokuwa meza ndiyo inayosubiri kikao. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi, kwa kuwasikiliza wahenga, tumechagua ukuta. Kwa sababu gani? Kwa sababu ufa ukizibwa hauonekani tena, ndugu zangu! Nani amewahi kukata utepe mbele ya kiraka? (Taratibu anatoka katikati ya watu, anaelekea lilipoegeshwa gari la wagonjwa, koleo mkononi. Kabichi anamfuata na jeki.)

Naomba hao wanaotoka wasirekodiwe. Ndiyo maana leo tunazindua Kituo hiki, chenye mashine za kupima upepo kwa setilaiti, chumba cha mapumziko ya matairi, na ajira kwa vijana mia saba, ambao kati yao mia sita watakuwa wasimamizi. (Sauti: "Fungua mlango tuone ndani!") Ndani patafunguliwa kwa awamu. Sasa nyoosheni mikono, tuseme kaulimbiu yetu kwa pamoja. Nikisema "Upepo", mnajibu "Udumu". Upepo!

(Umati: "Unatoka!")

Matairi!

(Umati: "Chini!")

Uongozi!

(Umati: "Fsssss!")

Vizuri sana, mmejitahidi. Kwa kumalizia, nitoe shukrani. Nimshukuru fundi wa kupaka rangi magari kwa kutuazima kompresa hii ya upepo iliyofunikwa bendera, ambayo anaihitaji jioni. Nimshukuru seremala wetu kwa kutuchorea mlango na madirisha haya juu ya mbao kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba mimi mwenyewe asubuhi nimejigonga nikitaka kuingia, tafadhali msiziegemee. Niwashukuru wafadhili, ambao mchango wao wote umekwenda kwenye maandalizi ya sherehe hii. Na kwa namna ya pekee nimshukuru mwenye uwanja huu kwa kuhamisha mifugo yake kwa nusu siku, ili mji wetu upate kituo ambacho, tuambizane ukweli, hakipo, hakikuwahi kuwepo, wala mchoro wake hatujauona. Lakini ndicho pekee, katika vyote nilivyowahi kuzindua, ambacho nawaahidi hakitapata pancha. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Kwa mbali, kutoka kwenye gari la wagonjwa, vifijo na vigelegele: msumari umetoka. Uwanjani, mbuzi wanaingia.)