Picha ya Jicho la Mzee Bujiku

Festo alikuwa akinyolewa kinyozini, Shinyanga mjini, pale redio ilipomletea riziki. Daktari alikuwa akieleza kwamba picha ya nyuma ya jicho inaweza kudokeza maradhi ya ubongo, hata yale ya kusahau, ingawa utafiti bado unaendelea. Hiyo "ingawa" Festo aliiacha kwa kinyozi. Kesho yake alishuka Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu, na koti jeupe na kamera kuukuu aliyoifunga tochi.

Wateja hawakukosekana, lakini yeye alimtaka Mzee Bujiku, mwenye maduara matatu, yaani mashimo ya dhahabu, aliyesemekana kuficha dhahabu yake pasipojulikana hata na wanawe. Akampa shikamoo iliyonyooka, akampiga picha ya jicho, akaguna kama mfiwa.

"Mzee wangu, mshipa umefifia. Mwezi mmoja tu, utasahau hata ulikoficha mali yako. Mwambie mtu mmoja, asiwe ndugu. Sisi madaktari tumeapa kutunza siri."

Mzee akamnong'oneza: nyuma ya zizi, penye kigingi, futi kumi na tano kwenda chini, maana wezi wa Nyarugusu wote ni wachimbaji. Akaaga kwamba anakwenda Nyahanga kwa binti yake, siku tatu.

Festo, ambaye hakuwahi kushika sururu tangu azaliwe, alichimba siku zote tatu. Viganja vilichubuka, mgongo ukagoma kunyooka. Majirani walipouliza, alijibu bila kusita kwamba mzee kampa kazi ya choo. Walimwonea huruma. Mchimbaji wa huko hachimbi choo hata umbembeleze vipi, kwani anaamini mkono uliochimba choo dhahabu huukimbia.

Siku ya tatu aliinua uso, akamwona Mzee Bujiku ukingoni pamoja na bwana afya, aliyekuwa akimdai mzee choo tangu mwaka jana. Ngazi aliyoshukia shimoni ilikuwa imeshavutwa juu.

"Asante, ngosha, mwanamume wa kazi," mzee alisema. "Nilikosa kabisa mtu wa kunichimbia."

Festo akauliza, kwa sauti ndogo, dhahabu iko wapi. Tabasamu la mzee likazimika.

"Mke wangu Lukresia alisahau jina langu kabla hajafa. Madaktari wa kweli walimpiga picha za macho, wakaniambia bado wanajifunza. Wewe ulijua kwa dakika mbili."

Festo aliona haya, naye hakuwa mzoefu wa haya. Akaomba ashushiwe ngazi aende zake.

"Ngazi?" Mzee Bujiku alijikuna kidevu. "Ulisema kweli, daktari. Nimeshasahau nilikoiweka."