Maua Manane ya Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Juni
Mwenyekiti wa chama chetu cha wapanda mlima, mwalimu wa hesabu, ametangaza leo jioni kuwa kiongozi wa matembezi ya wageni atapatikana kwa mtihani. Jumamosi, kule juu miti inakoishia. Waombaji ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Wenzetu humwita Lenzi, kwa sababu kioo cha kukuzia hakimtoki shingoni, hata mezani.

Swali ni moja. Kule juu yako maua ya aina mbili, yote ya buluu, yote mafupi, yote mfano wa tarumbeta. Yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Aina moja ina madoa ya kijani kooni. Nyingine koo lake ni safi. Tuyatenganishe.

Misimu minne nimetembea mkiani nikibeba birika. Kiongozi hutembea mbele na filimbi. Filimbi ni yangu!

Jumanne, 4 Juni
Nimempigia simu mama mkwe, nikamwarifu kuwa nimechaguliwa. Mapema kidogo, sawa. Amepiga vigelegele. Atakuja tarehe kumi na tano, na shoga zake wote wa kwaya, waongozwe na mkwewe. Mke wangu, aliyekuwa akipiga pasi, ameuliza nimechaguliwa na nani. Nimetoka nje kuangalia hali ya hewa.

Alhamisi, 6 Juni
Lenzi amekuja kula. Amehutubu juu ya makoo ya maua tangu supu hadi matunda. Ameshauri tusiamini rangi. Tuiname, tuchungulie ndani. Kisha akainua kioo, akakagua kijiko chake. Mke wangu akamwambia, "Kaka, hilo ni haragwe. Meza."

Ijumaa, 7 Juni
Mpango! Mwenyekiti si mtu wa kungoja siku ya siku. Nimemfuata mlimani kwa mbali, nikajibanza nyuma ya jiwe. Amechomeka vijiti vyekundu, kila kimoja kando ya ua. Vinane, mstari mmoja, kuanzia jiwe hadi kijito. Alipoondoka nikapiga magoti, nikachungulia koo baada ya koo. Madoa, safi, madoa, safi, hivyo hivyo hadi mwisho. Hesabu bwana! Hata kasuku angekariri.

Nimeshuka nikipiga mluzi. Suruali yote matope. Mke wangu ameambiwa kuwa niliteleza.

Jumamosi, 8 Juni
Lenzi alitangulia, mimi nikiwa nimewekwa mbali nisisikie majibu. Alitambaa kama mtu aliyepoteza kifungo. Sikumtazama sana, nilikuwa napanga hotuba ya ushindi. Alikosa mawili.

Zamu yangu. Sikuinama hata mara moja. Mikono nyuma, macho mawinguni, nikapita nikitaja: madoa, safi, madoa, safi. Wanachama wakanyoosha shingo. Mmoja akapiga makofi.

Nimekosa yote manane.

Mwenyekiti alituanzisha kijitoni. Mimi nilikariri kuanzia kwenye jiwe. Lenzi alicheka hadi kioo kikamgonga meno. Sasa naitwa Mheshimiwa Sifuri.

Jumapili, 9 Juni
Furaha! Mwenyekiti amebisha hodi kabla ya chai, macho mekundu. Hakulala, alikuwa akipiga hesabu. Anayebahatisha, anasema, hupata mengine na kukosa mengine. Kukosa yote si bahati: lazima mtu awe ameyatenganisha sawasawa, ila amebadilisha majina tu. "Wewe bwana una jicho!" akasema, akinishika mkono kwa mikono yote miwili. Mtihani utarudiwa, mimi na shemeji. Lenzi amepigiwa simu. Kelele zake zimesikika mpaka jikoni.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi, akauliza kwa nini nisiiname tu safari hii nikatazama. Si nilishachungulia makoo yote manane? Si tofauti naijua?

Ushauri mzuri kwa mtu asiye na mpango.

Mama mkwe hajaambiwa lolote. Marudio ni Jumatano, saa tatu asubuhi. Mwenyekiti atapanda Jumanne kuchomeka vijiti. Nitakuwa nyuma ya jiwe mapema. Safari hii nakariri kuanzia kijitoni.