Cherehani ya Rhoda na Suruali ya Spoki

Sadick, ambaye sisi tunamwita Taarifa, alianza kupiga kelele kabla hata hajakaa.

"Oya, mafundi nguo kwisha habari yao! Huko ng'ambo kuna mashine inashona shati kwa dakika tatu. Hakuna fundi, hakuna mkono wa mtu. Unaingiza kitambaa huku, shati linatoka kule limepigwa pasi!"

"Ng'ambo nchi gani?" aliuliza Sikuzani, muuza kahawa, mwenye benchi hili tunalolikalia kila siku hapa karibu na stendi ya Bariadi.

"Bando lilikata kabla sijafika hapo."

"Uongo mtupu," alisema Mashimba, yaani Spoki, fundi baiskeli kutoka Dutwa, ambaye banda lake limeegemeana na benchi letu. Spoki ana mwili wa watu wawili. "Mteja akinenepa baada ya kupimwa?"

"Mashine inamwongezea."

"Akisema hajaipenda kola?"

"Mashine inamwomba radhi."

"Basi ikamtolee na mahari kabisa!"

Tukacheka, isipokuwa Zengo. Zengo ndiye Injinia wetu. Tangu siku alipoipiga kofi redio ya Sikuzani ikaongea, hakuna kitu kinachoharibika mji huu bila yeye kukitolea maoni, na kwa kweli huwa ananichosha. Leo alikuwa ameshika kikombe hadi kahawa imepoa.

"Injinia, unaumwa?" nikamuuliza.

"Mashine isiyoguswa na mtu," alisema taratibu, "ni jambo jema sana."

Hapo ndipo nilipoona mzigo nyuma ya pikipiki yake, umefunikwa kitenge. Nikanyanyuka, nikafunua. Cherehani ya mkono! Ya Rhoda, mkewe.

"Zengo! Si ndiyo hii uliyokatazwa hata kuifuta vumbi?"

"Punguza sauti, kaka. Nimeyakoroga." Akajifuta jasho. "Rhoda kaenda Lamadi kufuata samaki. Anarudi na basi la saa kumi. Kesho asubuhi kwaya wanachukua sare kumi na mbili, na bado tatu hazijashonwa. Mimi nilitaka tu kushona kava la siti ya pikipiki."

"La kitambaa?"

"La ngozi."

"Mungu wangu!"

"Sindano ikakatika. Nikaweka nyingine. Sasa inaruka nyuzi, na chini uzi unajikusanya kama kiota cha ndege. Alishasema nikiigusa tena nihamie huku kijiweni na godoro langu."

Tukatazama benchi. Lilikuwa fupi kwa godoro. Saa ilikuwa nane na nusu, na Rhoda tunamjua wote, akisema kitu amesema. Nikamwonea huruma jamaa.

"Uzi unajikusanya chini, tatizo liko chini," alitangaza Spoki huku akichukua bisibisi. "Tunafungua hapa kwenye bobini."

"Mimi naona umeme mdogo," alisema Taarifa.

"Ni ya mkono, Taarifa."

"Basi mkono mdogo."

Na mimi, kwa kuwa ukimya unaniumiza, nikasema mkanda umelegea. Sikuzani akaniambia cherehani ya mkono haina mkanda. Nikanywa kahawa.

Spoki alifungua, akapuliza, akafunga. Mkononi ikabaki skrubu moja.

"Hii ni ya akiba," alisema.

"Akiba?" Zengo alikaribia kulia. "Spoki, hiyo siyo baiskeli!"

"Nyie wanaume mnanichosha," alisema Sikuzani. "Mji huu mtu anayeijua hiyo cherehani mbali na Rhoda ni mmoja, yule aliyemfundisha."

"Nani?"

"Mama yake. Yuko sokoni, nimeshampigia simu nikamweleza yote. Si yule pale anavuka?"

Zengo aliruka kama amekanyaga kaa la moto. Kwa wasiojua, Zengo kalelewa Kisukuma hasa. Yeye na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawakai pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani hadi mwenzake apite. Na hapa kijiweni shamba halipo. Akajitosa nyuma ya baiskeli za Spoki, akavuta turubai ajifunike. Tukasikia chwaaa! Pedali ilikuwa imemshika suruali, ikaichana kuanzia mfukoni hadi gotini.

Mama Rhoda alifika na kikapu chake, akatusalimu Kisukuma.

"Mwadila."

"Mwadila, mayu!" tukamwitikia mama wa watu kwa heshima tusizokuwa nazo siku zote.

Akalitupia jicho turubai lililokuwa linahema, kisha akaligeuzia mgongo kabisa. Akakaa mbele ya cherehani na kuanza kuongea nayo.

"Pole, mwanangu. Nani kakulisha ngozi?"

Turubai likanong'ona. Spoki akainama, akasikiliza, akainuka.

"Anasema... yaani inasemekana ilikuwa nyembamba."

"Nyembamba gete, kweli kabisa," alisema Mama Rhoda. Akaichomoa sindano. "Hii ina upande bapa na upande wa mviringo. Imewekwa imegeuka. Ndiyo maana unaruka, mwanangu, si kosa lako." Akaigeuza, akaikaza. Kisha akapaka kidole kwenye chuma, akanusa. "Na haya mafuta?"

Turubai likanong'ona kwa muda mrefu.

"Ya pamba," Spoki alitafsiri. "Ya kukaangia. Inasemekana huku kwetu pamba haikosi kazi."

"Chapati nayo ilitiwa?"

Sikuzani akageukia pembeni, mabega yakimcheza. Mama Rhoda akaomba mafuta ya taa na kitambaa, akafuta ule utelezi wote uliokuwa umeanza kuganda. Kisha akamuuliza Spoki baiskeli zake anazipaka nini. Spoki akatoa kikopo kidogo, akakisoma, akakisoma tena. Kilikuwa kimeandikwa mafuta ya cherehani.

"Miaka tisa ninacho," alisema kwa sauti ndogo.

"Na hiyo skrubu mkononi mwako nipe."

Akampa.

"Sasa huu uzi wa chini," alisema Mama Rhoda, "kila mtu anahangaika na chini. Uzi ukijikusanya chini, kosa liko juu. Kiguu hiki kinachokandamiza kitambaa kilikuwa kimeshushwa wakati uzi unapitishwa, basi haukuingia kwenye vibano vinavyoukaza. Ninyanyue kiguu, nipitishe upya. Basi."

"Kosa la chini liko juu!" Taarifa akasimama. "Mama, hayo maneno nakwenda kuyabandika halmashauri!"

"Kaa chini, utamwaga kahawa. Nipeni kitambaa nijaribie. Kuna kitu nimesikia kikipasuka."

Turubai likatikisika kwa dakika nzima, kisha ukatoka mkono umeshika suruali. Sikuzani akaidaka haraka.

"Hii ni ya Spoki, mama."

Mama Rhoda akaipima kiuno kwa macho, akampima na Spoki.

"Spoki umekonda."

"Maisha, mayu."

Akazungusha mkono wa cherehani. Tk-tk-tk-tk, mshono ukanyooka juu na chini. Nilitaka kumpigia makofi. Ilikuwa saa kumi kasorobo, tumeokoka, na Sikuzani akanyoosha mkono airudishe suruali kwa mwenyewe.

Basi la Lamadi leo liliwahi.

Rhoda alikuwa tayari amesimama nyuma yetu na ndoo ya samaki kichwani. "Mama? Cherehani yangu inafanya nini kijiweni?"

"Nilikuwa na haraka nayo," alisema Mama Rhoda bila kupepesa. "Jaribu."

Rhoda akatua ndoo, akazungusha, akainama kuangalia. "Mbona inashona vizuri kuliko nilivyoiacha?" Kisha akainyanyua suruali. "Na hii?"

"Ya Spoki," tulisema watu wanne kwa pamoja.

Rhoda aligeuza mfuko wa nyuma. Kulikuwa na kiraka chekundu cha kitambaa cha sare za kwaya, kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Mama, Zengo yuko wapi?"

Mama Rhoda akachukua kikapu chake, macho yake kule stendi. "Mwanangu, mimi mkwe wangu sijamwona usoni tangu aje kutoa ng'ombe wa mahari. Na leo pia sijamwona." Na alikuwa anasema kweli tupu.

Rhoda akalitazama turubai kwa muda mrefu. Nikaona mdomo unamcheza. Akaikunja suruali vizuri, akaifungia ndani ya kitenge pamoja na cherehani.

"Taarifa, nibebee hii. Sare tatu nazimaliza jioni hii hii," alisema. Kisha akapaza sauti, "Na Spoki akitaka suruali yake, aje aifuate nyumbani. Sasa hivi, kungali na jua, apitie njia ya sokoni, watu wote wamwone."

Wakaondoka, mama na binti, Taarifa nyuma yao anahema na mzigo. Tukakaa tukilitazama turubai. Mwishowe likanyanyuka kidogo upande mmoja.

"Sikuzani, dada yangu, una kanga?"

"Ninayo moja tu, ya maua."

Turubai likashuka, kisha likainuka tena.

"Ile mashine ya ng'ambo," turubai likauliza, "kweli haina mke wa mtu anayekataza isiguswe?"