Vita vya Angani Visivyo na Breki

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye ukumbi wa michezo anatafuta mchezo mpya wa mezani. Mmoja tu! Atachagua Jumamosi. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye ameingiza wake: vita vya angani, kama wangu. Mwigaji! Vyombo vyake vinakata kona kama pikipiki na kusimama ghafla, na kimoja kikilipuka anapiga mlio kwa mdomo. Mlio! Mahali pasipo na hewa!

Wangu utafuata fizikia. Kete ikishaanza kwenda haisimami mpaka uwashe injini ya kuirudisha nyuma. Nimesukuma sabuni kwenye sakafu yenye maji nione inavyokwenda. Imeteleza hadi chini ya kabati. Je, kabati lisingekuwepo, ingeishia wapi? Swali tamu. Mke wangu ameoga bila sabuni.

Jumanne, 4 Machi
Jaribio la kwanza, mimi na mke wangu. Mara chombo chake kikafika ukingoni mwa meza. Akauliza sasa inakuwaje. Nikamwambia anga haina ukingo. Tukaunganisha ubao wa kupigia pasi. Kisha kochi. Kete yake imefika jikoni na hatujarushiana kombora hata moja. Amesema hii si vita, ni kuhama nyumba. Eti nitie breki tu, mchezo utanoga. Breki! Ishike nini, nyota?

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu! Nimemshawishi Mwenye Ukumbi amwalike mwalimu wa fizikia wa sekondari awe mwamuzi. Kwa ajili ya haki, nilisema. Shemeji amekubali haraka mno. Maskini, hajui shimo analoingia. Nimejizuia kucheka hadi nilipofika nje.

Jioni nimewaza jambo jingine. Chombo kikifyatua makombora hupata joto. Huko hakuna upepo, sasa kitapoaje? Nikaiangalia chupa ya chai. Kati ya kuta zake mbili hamna hewa, ndiyo maana chai haipoi upesi! Basi chombo ni chupa ya chai yenye watu ndani. Kanuni mpya: kila kombora linaongeza joto, ukizidisha wanaanga wako wanaiva. Nimejaribu chai yenyewe kuhakikisha. Ulimi umeungua, ila kanuni nimepata.

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbaya. Ulianza mchezo wa Shemeji. Chombo cha kwanza kulipuka, Mwalimu akapiga mlio mkubwa kuliko wa Shemeji mwenyewe! Nikamkumbusha kwa upole kwamba angani hakuna sauti. Akanijibu kwamba fizikia ya kweli anaifundisha wiki nzima, leo amekuja kupumzika.

Ukafuata wangu. Kete ya Mwalimu ilitoka mlangoni naye akaifuata, hakurudi upesi. Kete ya Mwenye Ukumbi ilikwenda chini ya meza ya biliadi, akaifuata kwa magoti. Walipokutana hatimaye walifyatua kwa hasira hadi wanaanga wa pande zote mbili wakaiva. Hakuna aliyeshinda. Mimi nilipiga makofi peke yangu.

Halafu, ajabu! Mwenye Ukumbi akasema lile joto limemkosha. Ukitaka kufyatua unaogopa kuiva, ukingoja unapigwa. Hapo moyo ulimdunda. Akaahidi kwamba nikitia breki na ukingo wa meza ukawa ndio mwisho wa anga, atauchukua wangu. Jibu kesho. Hata Shemeji alikubali kwamba wangu ungeshinda, akajitolea kunisaidia kuchora breki. Nilishindwa kumtazama usoni.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza mchana kutwa. Mke wangu, Shemeji, Mwalimu, Mwenye Ukumbi, wote wanasema breki. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi hao hawajaona sabuni inavyoteleza.

Nimempigia simu Mwenye Ukumbi. Nimemweleza kwamba tatizo si breki, ni udogo wa ukumbi. Nikamwomba abomoe ukuta unaomtenganisha na kinyozi. Akasema amechukua mchezo wa Shemeji.

Imeniuma, sifichi. Shemeji amekuja kunipa pole, na alipoondoka nilimsikia akipiga mlio wa mlipuko njia nzima.

Nimegundua kosa langu lilipokuwa. Nilimwomba mtu asiyefaa. Kesho naenda kwa kinyozi. Ukuta una pande mbili.