Gololi Iliyopita Ndani ya Mwenzake

Jamani, leo nimeadhirika, tena mchana kweupe.

Mnajua mie nafundisha fizikia hapa Temeke, na bado sijathibitishwa kazini. Leo ndiyo mkaguzi alikuwa anakuja. (Na kwao mpenzi wangu Zuhura, kule Kiwalani, wameshasema posa wataipokea nikithibitishwa.) Nikavaa kaunda suti yangu, nikaingia darasani.

Mkaguzi, mama mtu mzima, alishakaa nyuma.

"Shikamoo, Ndugu Mkaguzi."

"Marahaba. Endelea."

Nikachora gololi mbili zenye uzito sawa. Moja inakwenda mita nne kwa sekunde, nyingine imetulia. Zikigongana bila kupoteza nishati, kila moja itakwenda kwa kasi gani? Momenta, yaani uzito mara kasi, ya kabla iwe sawa na ya baada. Nishati nayo vilevile. Chaki ikakimbia! Jibu: ya kwanza mita nne, ya pili sifuri. Nikahakiki. Momenta sawa, nishati sawa. Nikapiga mistari miwili chini yake (kwa maringo).

Mwanahawa, mwanafunzi wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ya pili haijasogea. Sasa ile ya kwanza imepitia wapi?"

"Hesabu haidanganyi. Kaa chini."

"Imepita ndani ya mwenzake?"

Mkaguzi akasema, "Ndugu Mwalimu, hebu tuonyeshe."

Gololi ninazo mfukoni. (Nilizileta mwenyewe, kwa mbwembwe!) Nikaweka moja mezani, nikaipiga kwa nyingine. Ta! Iliyopiga ikasimama palepale. Iliyotulia ikachomoka, ikaanguka, ikabingirika chini ya madawati.

"Meza imeinama," nikasema.

Nikapiga magoti, nikatambaa kati ya miguu ya wanafunzi wangu. Gololi nikaikuta imeegemea kiatu cha mkaguzi.

Akainama, akanipa kwa upole ulioniuma kuliko kufokewa. "Mwanangu, hesabu hiyo ina majibu mawili. Umechukua la gololi ambazo hazijagongana."

Kweli tupu. Nikafuta ubao, nikaandika upya. Ya kwanza sifuri, ya pili mita nne. Nikamwambia Mwanahawa mbele ya wote, "Uliuliza vizuri." Ilibidi.

Mkaguzi ameaga, amesema atarudi muhula ujao. Posa nayo ingoje.

Kesho nina kipindi na darasa lilelile. Anayetaka kucheka, acheke leo hii amalize.