Dramu ya Pili ya Kisigino

Habari yenyewe ilitoka kwenye simu ya Fobaifo, na kwa kioo kile kilivyopasuka, kuona kitu chochote ilikuwa bahati. Jina lake halisi ni Kisioki, Mmaasai wa Piyaya, dereva wa watalii. Alikuwa ameacha Landkruza yake kwa waosha magari hapa Karatu, inatolewa vumbi la kule mbugani Kreta, akaja kwenye benchi letu kwa Penina muuza kahawa na uso wa mtu aliyebeba siri za serikali.

"Oya Kisigino, umepona! Mgeni wangu wa jana ni mpiga dramu, kanitumia hii klipu. Kumbe dramu mbili za miguu siyo za shetani. Ni za jazi!"

Lazima nieleze, maana kuna wasomaji wa Arusha wasiojua mambo. Kisigino ni Tluway, mpiga dramu wa kwaya yetu. Jumapili ya mavuno alikuja kanisani na dramu ya pili ya mguu, aliyoipata kwa bendi moja ya harusi iliyovunjika, akazipiga zote mbili wakati wa matoleo. Desturi yetu ni kwamba watu wanacheza kwa mstari kwenda mbele, huyu na mahindi, yule na vitunguu vya Mang'ola, yule na kuku, wanaweka, wanarudi kukaa, baada ya ibada ni mnada. Siku hiyo mapigo yalikimbia mpaka mstari nao ukakimbia. Watu wakafika mbele, wakapitiliza, wakarudi kwenye mabenchi na mizigo yao mikononi. Mchungaji akabaki anabariki hewa. Sasa wazee wa kanisa walikuwa kikaoni mchana ule, wakiamua kama Tluway aondolewe kwenye kiti cha dramu.

"Jazi ya nani?" akauliza Profesa. Huyu ni Julius, muuza dawa za mifugo. Uprofesa alipewa na benchi hili baada ya kukosekana mtu wa kumnyamazisha.

"Louie Bellson, Mmarekani. Alikuwa bado mwanafunzi alipochora dramu mbili za miguu kwenye karatasi. Baadaye akazipiga kwenye bendi kubwa ya Duke Ellington. Hawa wa muziki wa metali wa siku hizi, miguu inakwenda kama cherehani, wanapita njia yake."

"Na wazee wa kanisa lake walimfanyaje?"

"Hakuzipiga kwenye mavuno, Profesa."

"Ahaa! Alikuwa na akili huyo."

"Sikiliza basi. Zamani mguu wa mpiga dramu ulikuwa kibarua. Du, du, du, du, usiku kucha, unawashikia watu hatua. Akaja Kenny Clarke, akahamishia mapigo kwenye ile sahani ya shaba ya juu. Mguu ukawa huru, ukaanza kudondosha pigo pale usipotegemea. Wenyewe wakayaita mabomu."

"Mabomu!" Profesa akapiga paja. "Penina, umesikia utetezi huo? Mguu huru na mabomu! Kisigino, kimbia kikaoni uwaambie hivyohivyo, wamalize mapema wakale."

Penina akaweka birika chini. "Mimi nauliza kimoja tu. Kisigino, hukuona watu wanakimbia?"

"Niliona, dada. Nikadhani Roho amewashukia."

Tulicheka mpaka waosha magari wakafunga maji watusikilize.

"Ila mwana, na wewe ulichemka," Fobaifo akasema. "Mgeni kaniambia mguu wa jazi mara nyingi unaigusa dramu tu, kama unampapasa ndama. Unausikia tumboni kuliko masikioni. Wewe ulipiga kama unafukuza fisi."

"Sasa uko upande gani, Fobaifo?" Tluway akauliza.

"Upande wa ukweli. Ero, sisi Wamaasai hatuna hata ngoma moja, tunaimba kwa koo na tunaruka mpaka mgeni anadondosha kamera. Wewe umepewa moja, ukaona haitoshi."

Tluway hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe kitupu. "Nyie mnaona utani. Mimi nimekaa kile kiti tangu kipaimara. Shambani sijulikani, sokoni sijulikani. Wakiniondoa pale, mimi ni nani hapa Karatu?"

Mimi nikamwonea huruma kwelikweli. Profesa yeye huruma yake huwa inachelewa njiani.

"Ungefikiria hayo kabla ya mabomu. Mimi nimeshatoa ushahidi wangu kwa wazee. Nilikwenda na jogoo mwekundu, moyo mweupe, nikanyimwa nafasi ya kumtolea Mungu!"

"Na huyo jogoo yuko wapi?" Penina akauliza.

"Jogoo... alipata mshtuko."

"Mshtuko gani?"

"Wa dramu! Ikabidi tumchinje. Kitaalamu hakuwa na maisha."

"Kitaalamu! Wewe unauza dawa za kupe! Mlimla na nini?"

"Na ugali, lakini kwa masikitiko."

Kabla hatujamalizana naye, Bernadina, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akatokea upande wa sokoni na fimbo yake. Sote tunamwita Ayo, mama kwa Kiiraqw, hata Fobaifo.

"Shikamoo, Ayo!"

"Marahaba. Tluway, kikao kimekwisha."

Tluway akasimama, kikombe kikamponyoka. "Ayo, naomba nieleze. Kuna mtu anaitwa Bellson..."

"Mwache huyo apumzike. Ulipiga vibaya, na utajifunza. Lakini mimi goti hili halikunjiki, na nilikuwa kwenye mstari uleule, na dramu zilezile. Nilipofika mbele nikasimama, nikaweka debe langu la mahindi, nikarudi kukaa. Hakuna aliyenisukuma." Akamgeukia Profesa taratibu. "Nikawaambia wazee, dramu haikumzuia mtu kutoa. Imetuonyesha tu nani alikuja kutoa na nani alikuja kutembeza jogoo."

Profesa akawa amepata wa kumnyamazisha. Kwa benchi letu hilo ni tukio la kihistoria.

"Jumapili tunarudia mavuno," Ayo akaendelea. "Tluway, zije dramu zote mbili. Uanze polepole. Nikiinua fimbo, achia miguu yote. Nataka kuona nani atasimama."

Akaondoka. Fobaifo akakumbuka ghafla kwamba gari limeshakauka. Tluway alibaki amekaa, macho yamelowa, miguu yake miwili ikigusagusa vumbi kwa upole. Nilipogeuka kuaga, Profesa alikuwa ameinama karibu kabisa na birika, sauti ya chini.

"Dada Penina, hivi nyumbani kwako hufugi jogoo mwekundu?"